MIGUU INAPOKOSA NGUVU: SI ULEVI, SI UCHAWI



Waya ya umeme ina shaba ndani na ganda nje. Ganda likichubuka, umeme unapotea njiani, na mashine inasitasita. Mishipa ya fahamu ya mwili wako ni vilevile. Inapeleka amri za ubongo kwa mkono, mguu na jicho, nayo imevikwa ganda la mafuta liitwalo mielini.

Uko ugonjwa unaochubua ganda hilo. Jina lake ni sklerosi ya mabaka, kwa sababu penye mchubuko panabaki baka gumu. Munganga Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza wazi mjini Paris katika mwaka 1868.

UNATOKA WAPI?

Mwili una askari wake wa kuua mikrobe. Katika ugonjwa huu askari hao wanakosea adui, wanashambulia mielini. Katika mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi juu ya askari wa jeshi lao, zaidi ya milioni 10: walioingiwa na virusi vya Epstein-Barr walikuwa na hatari mara 32 zaidi. Lakini usiogope. Karibu watu wazima wote wa dunia wanavyo virusi hivyo, na wachache tu wanaugua. Mambo mengine yanaongezeka: asili ya kizazi, kukosa jua la kutosha, kuvuta tumbaku. Kwetu karibu na ikweta ugonjwa huu ni haba. Hauambukizwi kwa kula wala kulala pamoja na mgonjwa.

DALILI ZAKE

Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, zaidi kwa wanawake. Jicho moja linauma na kufifia, au mtu anaona vitu viwili. Mguu unakuwa mzito, mkono unakufa ganzi, mtu anayumba kama mlevi. Hali hiyo inadumu siku au majuma, inapungua, kisha inaweza kurudi.

MUNGANGA ANAUTAMBUA NAMNA GANI?

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Munganga anauliza habari zako, anagonga magoti, anatazama macho. Mashine ya sumaku inapiga picha ya ubongo na uti wa mgongo. Pengine maji ya mgongo yanapimwa. Anatafuta mabaka mahali zaidi ya pamoja. Tena anaondoa kwanza magonjwa mengine: kifua kikuu cha mgongo, kaswende, ukosefu wa vitamini B12, na konzo, inayopoozesha miguu miwili kwa ghafula kwa sababu ya muhogo mchungu usiolowekwa vizuri.

Kukawia kunaleta hasara kubwa. Kifua kikuu cha mgongo kina dawa, lakini ukichelewa miguu inaweza isirudie nguvu. Nayo sklerosi, hata kama haiponi kabisa, ina dawa za kupunguza mashambulio.

BASI, UKUMBUKE:

1. Ukiona ganzi, macho mawili-mawili au miguu mizito, usipande ngazi, usiendeshe mashine. Umwambie mkubwa wako.
2. Wewe kapita, usimhukumu mwenzako kuwa mlevi kabla munganga hajampima.
3. Wewe ndugu wa mgonjwa, usipoteze miezi na feza kutafuta aliyemroga.

Waya iliyochubuka haitengenezwi kwa kufichwa. Nenda hospitali mapema.