KENYA: Ghorofa za Mukuru na Makato ya Mshahara

Kwa Sheria ya Nyumba Nafuu ya mwaka 2024, ndugu zetu wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hulipa kiasi kile kile. Mei 2025 zilikabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza huko Mukuru, mtaa wa mabati ulio ubavuni mwa viwanda vya Nairobi. Ni ghorofa ndefu zilizokaribiana, na ubishi mkubwa ni juu ya msongamano huo.

Wapo wanaosifu Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940: nyumba za chini, uwanja, ukumbi wa jamii. Unapendeza, hatukatai. Lakini kujenga hivyo leo ni kuwapeleka wafanyakazi mbali, na nauli itakula mshahara. Wa Mukuru huenda kiwandani kwa miguu. Kwa hiyo sisi hatuna ugomvi na ghorofa.

Ugomvi wetu uko ndani ya mlango. Nyumba ndogo kabisa ni mita za mraba 20. Yenye vyumba viwili vya kulala ni 40. Aliyetoka zamu ya usiku atalala wapi mchana, watoto wakicheza? (Waliochora ramani, tunadhani, hawajui zamu ya usiku.) Tena ghorofa ndefu huhitaji lifti na pampu ya maji. Umeme ukikatika, mama hupanda ngazi na ndoo. Matengenezo yake yatalipwa kila mwezi, na bei nafuu ya nyumba haiyaondoi.

Wafanyakazi wa Kenya wameshatoa fedha zao. Yafaa vyama vyao vidai kuiona michoro na hesabu ya matengenezo kabla msingi wa jengo jingine haujachimbwa.