Mchango wa Afya wa Kaya: Ni Lini Familia za Lukole Zina Uwezo wa Kuulipa?

Kabla ya kambi ya Lukole kufungwa mwaka 2008, wakazi wa vijiji vinavyoizunguka, wilayani Ngara, walizoea kwenda kambini mtoto anapopata homa. Huduma za afya zilizotolewa humo kwa wakimbizi wa Burundi, kwa ufadhili wa mashirika ya kimataifa, ziliwafikia pia Watanzania wa jirani bila malipo. Kambi ilipofungwa, tegemeo likabaki kuwa zahanati na vituo vya Serikali, pamoja na utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu ulioanza nchini mwaka 1993. Tangu hapo kaya nyingi zimekuwa zikijiuliza fedha itatoka wapi siku ambayo mgonjwa yupo na mazao bado yako shambani.

Mfuko wa Afya ya Jamii, unaofahamika zaidi kama CHF, uliundwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Ulijaribiwa kwanza Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka kiwango kilichopangwa na halmashauri yake, nayo Serikali ikaongeza fedha kulingana na michango hiyo kwa utaratibu wa "tele kwa tele". Hata hivyo, katika halmashauri nyingi kadi ilitambuliwa tu katika kituo alichojiandikisha mwanachama. Aliyepewa rufaa alifika hospitali na kulipa kama mtu asiye na kadi kabisa.

Maboresho yaliyofanyika mwaka 2018 yalilenga kuondoa kasoro hiyo. Nje ya Dar es Salaam, mchango ulipangwa kuwa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na huduma zikaanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkazi wa Lukole, ngazi hiyo ya mwisho iko Bukoba. Ni vyema ieleweke kwamba kadi haimlipii mgonjwa nauli ya kufika huko, na kwamba anayeruka zahanati na kwenda hospitali bila barua ya rufaa anaweza kutakiwa kulipa mwenyewe.

Je, kiasi hicho kinalipika? Ukikigawa kwa watu sita, kila mmoja anachangia Sh. 5,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimsaidii sana mkulima, kwa kuwa hatakiwi kulipa shilingi chache kila siku. Anatakiwa kutoa mchango wote kwa mkupuo. Mfanyakazi mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kuhisi mzigo mkubwa. Mkulima wa kahawa, maharage na mahindi hana mwezi unaofanana na mwingine. Fedha hupatikana baada ya mavuno, kisha hupungua taratibu kwa sare za shule, mbegu na madeni ya dukani. Mvua za vuli zinaponyesha, mbu huongezeka na malaria hufuata, wakati akiba ya chakula nayo imeanza kupungua. Anayesubiri kujiunga hadi augue hujikuta akiuza mbuzi kwa bei ya mnunuzi.

Kwa sababu hiyo, uandikishaji unaofanyika wakati wa mauzo ya mazao una nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa. Kadi hudumu miezi 12, hivyo iliyolipiwa katikati ya mwaka humvusha mwanakaya salama katika vuli na masika. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vinaweza pia kumkopesha mwanachama mchango wote, naye akarejesha kidogo kidogo.

Kaya zenye watu zaidi ya sita zina ugumu wao. Mkuu wa kaya asiandikishe majina kwa mazoea tu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wa malipo katika vituo vya umma watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kumwacha nje ya kadi kijana wa miaka 12 ili kumwingiza mtoto wa miaka miwili ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Lipo pia suala la dawa, nalo ndilo hukatisha tamaa wengi. Mwanachama anayeambiwa dawa zimekwisha huelekezwa katika duka la dawa muhimu, ambako analipa fedha taslimu, na mwaka unaofuata haoni sababu ya kuhuisha kadi. Wananchi wanao wawakilishi katika kamati ya usimamizi ya kila kituo, na ni haki yao kuhoji kupitia kamati hiyo ni fedha kiasi gani zimepokelewa na ni dawa zipi zimenunuliwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inalenga kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa kaya iliyo juu kidogo ya kundi hilo, yenye shamba na isiyo na mshahara, utaratibu wa malipo utahitaji kuzingatia kalenda ya mavuno. Wakati wa uandikishaji, mkuu wa kaya amuulize mwandikishaji wa kijiji chake kiwango kinachotumika, tarehe ambayo kadi itaanza kufanya kazi na vituo vitakavyoipokea.