Filamu za Kiswahili zilizotoweka na vicheko vyake

MFANYABIASHARA wa miraa anayeweka fedha zake kwenye simu katika soko la Kianjai, Meru, huenda akashangaa kusikia kwamba mnamo 1935 filamu nzima ilitungwa kuwasihi Waafrika wasifukie mishahara yao ardhini. Wahusika wake walikuwa vibarua wawili. Mmoja alificha zake kwa njia hiyo zikaibwa. Mwenzake akazipeleka benki ya posta.

Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya mradi ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wasimamizi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, wakifadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani. Walioigiza ni Waafrika. Filamu 35 zilikamilika, nyingi zikiwa za kilimo na afya, lakini hata ngano ya Sungura na Chui ilipata nafasi yake. Lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi.

Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno, yawe ya Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo au lugha nyingine, yalirekodiwa kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Santuri ikivunjika, hadithi ilikosa ulimi.

Serikali za kikoloni zilipokataa kuendelea kuugharamia, mradi ulikufa. Filamu zinazojulikana kusalia ni tatu tu, katika hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza: mafunzo ya utabibu wa mifugo, ugonjwa wa safura, na mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Masomo yamebaki, Sungura, mjanja wa siku zote, hakuponyoka.

Mataifa makubwa pia yamepoteza. Kichekesho bubu cha Kisovieti kuhusu visa vya Oktyabrina, kilichotolewa 1924 na Kozintsev na Trauberg, hakipo tena. Lakini filamu nyingi za sinema za enzi hiyo zilikuwa za nitrati, inayowaka upesi. Zile za Vugiri hazina kisingizio hicho, kwani zilipigwa kwenye utepe wa milimita 16 usioshika moto kwa urahisi. Hazikuteketea, hazikutunzwa.

Habari nyingi kuzihusu zimo katika kitabu ambacho Notcutt na Latham walichapisha 1937. Humo ni wao wanaosimulia kilichowachekesha Waafrika na kile ambacho, kwa maoni yao, hawakukielewa. Anayetaka kuyapima maelezo hayo hana picha ya kutazama.