Mchoro Darasani: Kweli au Si Kweli?

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wa Westlands, kuanzia Kangemi hadi Parklands, wamezizoea mbio za jioni za kutafuta manila na kalamu za rangi. Jasho hilo lina faida gani?

"Mchoro ukipendeza, mtoto ameelewa." SI KWELI. Joseph Novak na wenzake walipobuni michoro ya dhana katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1972, uzito ulikuwa kwenye mstari unaounganisha: uandikwe maneno yanayoeleza uhusiano. Chukua Mto Nairobi unaopita Museum Hill. Mwanafunzi anaweza kuandika Ondiri, Nairobi, Athi, Sabaki na Malindi ndani ya viduara vya kupendeza bila kuelewa lolote. Lakini akiandika juu ya mishale kwamba kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ndicho chanzo cha mto huo, kwamba nao humwaga maji Athi, na kwamba Athi hubadili jina ukaitwa Sabaki kabla ya kuingia baharini karibu na Malindi, ataona mwenyewe taka ya Kangemi inavyomhusu mvuvi wa pwani. Kumpa alama za rangi huku mishale ikiwa mitupu ni kumdhulumu.

"Wangu hujifunza kwa macho, kusoma si kwake." SI KWELI. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti kuhusu mitindo ya kujifunza, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Msimnyime mtoto kitabu.

"Aliyechora hahitaji kujikumbusha." SI KWELI, na msimu wa mtihani imani hii huumiza. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walionyesha kwamba waliosoma kisha wakajikumbusha waliwashinda waliochora huku maandishi yakiwa mbele yao. Mwaka 2014 wakajaribu kuchora bila kutazama maandishi, na mchoro ukafaa sawa na kuandika aya kwa kumbukumbu. Basi mtoto afunge kitabu kwanza, achore, ndipo akifungue kujisahihisha.

"Mtu mzima pia hufunzwa na mchoro." KWELI. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia katika mradi wa Digital Matatus, walipanda matatu wakirekodi njia kwa simu. Ramani yao ilipotoka mwaka 2014, mambo waliyoyajua makanga na madereva yakawa kwenye karatasi moja, na wapangaji wa jiji wakaona jinsi njia nyingi zinavyosongamana katikati ya mji.