Kweli au Uongo: Mdundo na Wenye Bando Dogo

"Biashara ya muziki mtandaoni ni ya mijini, kwenye intaneti kali." Uongo. Kauli hii huenda sambamba na nyingine, kwamba Spotify ndiyo iliyoanza. Nayo si kweli: mwaka 1995 Rob Glaser, aliyetoka Microsoft, alitoa RealAudio, sauti ikawa inasikika mtandaoni huku ikiendelea kushuka. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021.

Mdundo, huduma ya muziki mtandaoni, ilikuwepo kabla ya hapo. Ilianza Nairobi mwaka 2013, mwanzilishi mmoja akiwa Martin Møller Nielsen, raia wa Denmark. Mjini Tarime, Tanzania, ukiwemo mtaa wa Bomani, kijana hujua kupeleka memori kadi kibandani ijazwe nyimbo. Mdundo ilifuata mazoea hayohayo: unaingia kwa kivinjari cha simu, unapakua MP3 mara moja, halafu unasikiliza hata mtandao ukigoma. Bando linaliwa siku ya kwanza tu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili ya biashara hii kuliko kwenye teknolojia yake.

"Kwa kuwa ni bure, msanii hapati kitu." Uongo, ingawa nausema kwa kusitasita. Ukicheza wimbo uliopakua, kwanza unasikia tangazo fupi lililounganishwa ndani ya faili lenyewe. Mwenye tangazo analipa, na utaratibu wa kampuni ni kugawana mapato nusu kwa nusu na wenye muziki. Lakini nusu hiyo inagombewa na wasanii wengi mno. Anayepakuliwa mara chache anaweza kukosa hata hela ya vocha.

"Mdundo ni ya Wakenya." Nusu kweli. Shughuli zilianzia Nairobi, ila Septemba 2020 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la Nasdaq First North, Copenhagen.

  

Kwa hiyo wewe unayerekodi iritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, hapo Bomani, kabla ya kupandisha wimbo soma mkataba mpaka mwisho, na muulize mwenye studio waziwazi: haki za wimbo huu ni za nani?