Kusambaa na Kuponyoka: Funzo la Harufu ya Chai

Apitaye karibu na kiwanda cha chai, Kericho au Bomet, hulakiwa na harufu ya majani yaliyosagwa. Husemwa kuwa harufu "imesambaa", ingawa kazi kubwa hapo ni ya upepo. Katika hewa tuli molekuli hugongana kila mara, zikachanganyika polepole mno. Kupenya kitundu chembamba, moja moja bila kugongana, ni jambo jingine. Mkemia Thomas Graham wa Uskoti alionyesha, katika karne ya 19, kwamba nyepesi hutangulia: hidrojeni huponyoka kwa kasi mara 4 ya oksijeni. Kuyaita yote mawili "mtawanyiko" humpotosha mwanafunzi. Hili la pili napendekeza liitwe "mponyoko"; kitenzi chake tayari kina maana ya kuchopoka mahali palipobana.