Ameuawa na Nani? Riwaya ya Upelelezi na Vigogo wa Jiji Kuu

Kiswahili kina hatua nne za kukitaja kifo cha mtu. Twaweza kusema "amekufa", tukaliachia jambo hilo mikononi mwa Mola. Twaweza kusema "ameuawa", tukakiri kwamba pana mkono wa binadamu, ila mkono wenyewe tukaufunika. Twaweza kuongeza kiunganishi kidogo, tukasema "ameuawa na fulani". Na mwishowe twaweza kumtanguliza mtenda na kutamka waziwazi: "Fulani amemwua." Nionavyo mimi, riwaya ya upelelezi ni safari ya kutoka hatua ya kwanza hadi ya nne, na swali ninalotaka tulitafakari leo, walimu kwa wanafunzi, ni hili: kwa nini safari hiyo ni nadra mno kufanywa kwa Kiswahili katika majumba ya wakubwa wa jiji letu kuu?

Wenzetu wa Marekani wameifanya safari hiyo bila haya. Mwaka wa 1980 Margaret Truman, bintiye Rais Harry Truman, alitoa riwaya iitwayo Murder in the White House, na baada yake ukafuata mfululizo mrefu wa vitabu vya mauaji vilivyotungwa juu ya mji wa Washington na taasisi zake. Binti aliyewahi kuishi katika nyumba ya rais akathubutu kuweka maiti ndani ya nyumba iyo hiyo, na wasomaji wakanunua. Miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka wa 1974, Rais Richard Nixon alikuwa amelazimika kujiuzulu. Msomaji wa huko alikuwa ameshuhudia kwamba maswali ya wapelelezi, ya waandishi wa habari na ya mahakama yaweza kubisha hodi hata kwenye mlango huo.

Haifai kudhani kwamba Kiswahili hakina mapokeo ya fani hii. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1960. Humo alituzalia Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko ambaye silaha yake kubwa ni akili. Faraji Katalambulla alifuatia na Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, naye Ben Mtobwa akamwumba Joram Kiango, kijana ambaye sifa zake zilivuka mpaka zikasomwa huku kwetu chini ya madawati.

Hata hivyo, tuwatazame wahalifu wa vitabu hivyo. Kwa Abdulla, fumbo hufumbuliwa ndani ya ukoo: ni nasaba, ni urithi, ni siri za ndoa. Kwa Musiba na Mtobwa, adui mkubwa mara nyingi hutoka nje. Ni Kaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wake, wanaokuja kuhujumu ukombozi wa bara letu. Hapana shaka adui huyo alikuwapo kwelikweli, na waandishi hao walikuwa wazalendo. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya kiongozi wetu mwenyewe imepekuliwa mara chache sana.

Nami ni mkazi wa Gataka, hapa Kajiado, ambapo jiji la Nairobi li karibu na vilima vya Ngong havipo mbali. Vilima hivyo ni kurasa za hadithi ambayo haijakamilika. Mnamo Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho akitoka katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Ikavumishwa kwamba yuko Zambia. Kumbe maiti yake ilikuwa imekwisha kuokotwa huku Ngong. Bunge liliteua kamati chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, kamati ikachunguza na kutoa ripoti mwaka uo huo. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo mahakamani.

Yeye hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Pio Gama Pinto alipigwa risasi mwezi wa Februari 1965, na Tom Mboya Julai 1969 katikati ya jiji. Katika kesi hizo mbili wako waliohukumiwa, lakini umma haukuacha kuuliza ni nani aliyewatuma. Mwezi wa Februari 1990 aliuawa Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Safari hii aliletwa hata mpelelezi kutoka Scotland Yard ya Uingereza, John Troon, kana kwamba twasoma riwaya. Kisha tume ya majaji iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru ikavunjwa mwaka wa 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Ni kitabu kilichochanwa sura ya mwisho.

Hapa ndipo sarufi inaporejea. Kauli ya kutendwa hutupa nafasi ya kumtaja mtenda, ingawa haitulazimishi. Kauli ya kutendeka hutunyima hata nafasi hiyo: twasema "kioo kimevunjika", wala hatuwezi kusema "kimevunjika na Juma". Sikilizeni basi lugha ya taarifa rasmi: faili limepotea, ushahidi umeharibika, marehemu alishambuliwa na watu wasiojulikana. Huo ndio msamiati uliotulea. Taifa lililozoea vitenzi visivyo na mtenda litamtoa wapi Bwana Msa?

Waandishi wetu, hasa wa Kenya, walijibu hali hiyo kwa istiara. Ken Walibora alibuni nchi ya Tomoko na Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea. Pauline Kea akabuni jimbo la Sagamoyo na Majoka wake katika tamthilia ya Kigogo. Ni kazi nzuri, na istiara ilikuwa ngao katika nyakati za hofu. Lakini istiara humwonyesha msomaji dhalimu mapema, naye hubakia kungoja aanguke. Riwaya ya upelelezi humdai msomaji jambo jingine: asimhukumu mtu kwa sura wala kwa kabila lake, apime kauli dhidi ya kauli, atofautishe fununu na ushahidi. Katika nchi ambapo kila kifo cha mkubwa huzaa uvumi kabla ya kuzaa ripoti, malezi ya akili ya namna hiyo si anasa.

Yamkini msomaji atasema kwamba riwaya inayomtia pingu mwuaji wa kubuni ni kitulizo cha uongo, ilhali wauaji halisi hawakutiwa pingu. Pingamizi hilo lina uzito. Mwandishi hana ruhusa ya kumbandika mtu halisi hatia ambayo mahakama haikuithibitisha. Lakini anaweza kubuni waziri wake, dereva wake, katibu wake na mpelelezi wake, akaacha mambo yaende kama yaendavyo Nairobi: simu kutoka juu, faili linalohamishwa usiku, shahidi anayebadili kauli. Hata mpelelezi akishindwa, msomaji awe amekwisha kujua ni nani aliyemzuia. Huko nako ni kumtaja mtenda.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Fani hii imebandikwa jina la "fasihi pendwa", jina ambalo mara nyingi hutamkwa kwa dharau, na orodha za vitabu teule vya shule zetu huipita kando. Hebu tuipe nafasi darasani. Mpeni mwanafunzi habari fupi ya gazeti inayohusu kifo, mwambieni apigie mistari vitenzi vyote vya kutendwa na kutendeka, kisha aandike kando ya kila kimoja: na nani? Pale asipopata jibu, aandike sura moja ya riwaya akilitafuta. Atakuwa amejifunza mnyambuliko wa vitenzi kuliko kwa kukariri majedwali. Aidha, huenda miongoni mwao akatokea yule atakayetuandikia riwaya tunayoingoja, itakayoanzia katika jumba lenye walinzi jijini na kuishia, pengine, huku kwetu chini ya vilima vya Ngong, jina la mtenda likiwa limeandikwa kwa herufi kamili.